Isale Lililobaki Paris

Safari hii ilinigharimu shilingi milioni nne na laki saba, mbuzi jike mmoja niliyemuuza kwa hasara, na masale mawili yaliyokatwa kwenye mpaka wa kihamba cha baba yangu, Machame. Fedha zitarudi. Nauza mitumba mjini Moshi, na mtumba haujawahi kunitupa. Mbuzi ameshaliwa na watu nisiowajua. Ni yale masale mawili yanayonifanya niandike, maana hesabu yake nimeirudia mara mbili na bado haikubali.

Kwa msomaji asiye wa huku kwetu, isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, usio na ua la kujivunia wala tunda la kula. Tunaupanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo, na anayeung'oa amejitafutia kesi. Lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Mtu aliyekukosea akifunga jani la isale fundo, akakuletea au akamtuma mtu akuletee, umekwisha. Unaweza kununa, unaweza kudai mbuzi na debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, lakini msamaha utatoa. Nimeshaona watu waliokuwa wameshikiana mapanga wakakaa chini kwa sababu ya jani.

Baba yangu hajawahi kumpelekea mtu isale. Yeye hupelekewa.

Mwaka huu, mvua za masika zikiwa ndiyo zinaanza, daktari alimwambia moyo wake unahitaji kupasuliwa, na kwamba kusubiri si jambo la busara. Baba akasikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akasema, "Sipandi kitanda hicho mpaka Amani aniambie tumeyamaliza."

Amani ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, na kwa mila zetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Alikuwa mwongoza watalii mlimani. Mlimani huko akampandisha Mfaransa mmoja, Claire, akashuka naye akiwa mchumba. Wakaoana, wakahamia kusini mwa Ufaransa. Amani akamwandikia baba kwamba maisha yake yatakuwa huko. Baba hakujibu barua. Alijibu Krismasi, walipokuja nyumbani kama Wachagga wote wanavyokuja nyumbani Krismasi, hata wenye madeni. Mbuzi alipochinjwa, baba aliita watoto wake mmoja mmoja na kumpa kila mtu fungu lake mkononi. Alipofika kwa Amani akamruka. Fungu la kitinda mimba akampa jirani aliyekuwa amekuja kuazima koleo.

Claire hakuelewa. Sisi wengine tulielewa: anayenyimwa fungu amekataliwa nyumbani. Kesho yake chai haijachemka walikuwa wameshaondoka, na Amani hajakanyaga Machame tangu hapo. Simu alikuwa akipiga kwangu. Kwa baba hapigi.

Ndiyo sababu niliyokwenda nayo Ulaya. Watu wa Shirimatunda, ninakokaa, niliwaambia nakwenda kuangalia majengo ya Warumi. Si uongo, niliyaangalia.

Asubuhi ya kuondoka nilipanda Machame kuaga. Baba alinichukua hadi mpakani, akatoa kisu, akakata masale mawili, akayafunga fundo kwa mkono wake, polepole, kama mtu anayefunga kamba za viatu vya mtoto.

"La pili la nini, Baba?"

"Wewe si hubeba kila kitu viwili?"

Akanipa masharti. Nisilitoe mkononi mwangu likapita kwa mtu mwingine. Nisimkabidhi limenyauka, maana isale lililonyauka ni tusi. Na nisimwambie Amani kwamba baba anaumwa.

"Akijua unaumwa atasamehe upesi," nilimwambia.

"Msamaha wa kuhurumiwa siutaki. Huo nampa mbwa wa jirani."

Niliyafunga masale kwenye leso mbili zenye maji, nikayatia kwenye begi dogo, la pili katikati ya vitenge. Kilo mbili za kahawa ya shamba la baba na unga wa ndizi vikaja juu yake. Binti yangu Neema akabaki kumwangalia babu yake. Tukashuka hadi Kwa Sadala, tukaelekea uwanja wa ndege, na njia nzima nilikuwa nikipapasa begi kama mtu aliyebeba yai.

Addis Ababa, tukibadilisha ndege, niliingia chooni nikaloanisha leso. Majani yalikuwa mabichi. Mama mmoja wa Kihabeshi aliyekuwa akinawa aliniangalia, akaangalia majani, akasogea sinki la tatu. Sikumlaumu.

Paris tulifika asubuhi. Uhamiaji nilipita vizuri, nikadhani yamekwisha, kumbe mbele kuna meza, na nyuma ya meza kuna mama wa forodha aliyevaa glavu. Akanionyesha begi, nikafungua. Kahawa akainusa, akairudisha. Unga akauangalia kama mtu anayesoma barua ya kesi, akaurudisha. Kisha akafungua leso.

"Mmea," akasema kwa Kiingereza.

"Ni jani tu," nikasema. Kiingereza changu ni cha kuuzia suruali, lakini jani nalijua. "La msamaha."

"Jani ni mmea. Hairuhusiwi."

Nikaanza kupatana naye, maana ndicho ninachokijua. Nilimwomba akate nusu aniachie nusu. Akatikisa kichwa. Nikamwambia achukue unga wote. Hakuutaka. Akauliza kama kuna lingine.

Hapo nilikwama. La pili lilikuwa limelala katikati ya vitenge, na yeye alikuwa ameshaanza kunisogezea begi. Kusema hapana kulikuwa rahisi kama kufunga zipu. Lakini nitampelekeaje mtu msamaha uliovushwa mpaka kwa uongo? Nikafunua vitenge, nikamwonyesha. Akanishukuru kwa kusema kweli, akayatumbukiza yote mawili kwenye pipa lenye mfuniko. Mfuniko ulijifunga wenyewe, taratibu, bila haraka yoyote.

Treni ya kusini ilikwenda kasi kuliko mawazo yangu, na mawazo yangu yalikuwa yakikimbia. Kurudi Machame kukata lingine ni milioni nne nyingine, ambazo sina. Kusema kwa mdomo mtupu, Amani atajibu kwamba amesikia, na kusikia si kusamehe. Nikaona nimpigie baba nimweleze. Akapokea Neema.

"Mama, babu anauliza jani liko bichi?"

Nikamwambia treni inaingia kwenye handaki, nikakata. Nje kulikuwa na mashamba tambarare na jua kali.

Nîmes, ukitamka sema Nim, ndiko anakokaa Amani. Alikuja kunipokea stesheni. Amenenepa kidogo, nywele zimeanza kupungua mbele kama za baba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Alinikumbatia, lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono yangu, kisha kwenye begi. "Umekuja na nini?"

"Kahawa ya baba. Na unga."

"Na nini kingine?"

"Na mimi mwenyewe. Sitoshi?"

Mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua kreti ya soda. Hapo nikajua kwamba alikuwa akiogopa kitu kilekile nilichokuwa nimekipoteza.

Kazi ya Amani ni kuendesha gari dogo la watalii na kuwaelezea historia. Kwetu alikuwa akiwapandisha Wazungu mlimani, huku anawashusha kwenye magofu. Alinitengea kiti cha nyuma, akasema nitazunguka naye wiki nzima bure. Sijawahi kukataa neno bure, lakini hili lilinitia wasiwasi. Mtu anayekuzungusha wiki nzima hataki mkae.

Kesho yake tulianza na uwanja wa michezo wa Warumi, palepale mjini. Ni jengo la duara, matao juu ya matao, mawe makubwa kama makabati, na bado linatumika. Magari yanalizunguka na watu wanakula aiskrimu chini yake. Nilihesabu matao ya chini nikizunguka, nikapata sitini. Nikarudia kwa upande wa pili nikapata hamsini na tisa.

"Ni sitini," alisema Amani.

"Basi kuna moja linajificha. Kama watu fulani."

Alijifanya hakusikia, akaanza kunieleza habari za watumwa waliopigana na wanyama, na watu waliokaa kwa vyeo, matajiri chini, maskini juu kwenye jua. Kila nilipofungua mdomo alinionyesha jiwe. "Amani, nataka tukae," nikamwambia. Akasema tukakae juu kabisa, ndiko kuna mandhari. Tulipanda ngazi zile ndefu kuliko mguu wa binadamu, na tulipofika juu upepo ulikuwa mkali hata mtu hasikii jina lake. Alijua hilo kabla hatujapanda.

Siku iliyofuata tulikwenda Arles. Nako kuna uwanja kama ule, lakini huu una minara ya zama za kati iliyochomekwa juu yake. Amani alinieleza kwamba dola ya Warumi ilipoanguka na vita vikaja, watu walihamia ndani ya uwanja, wakaziba matao, wakajenga nyumba na makanisa humo humo. Uwanja wa michezo ukawa mji.

"Kwa hiyo wakubwa waliondoka, wajukuu wakagawana vihamba uwanjani," nilisema.

Alicheka, cheko lake la zamani, la puani. "Ndivyo."

"Na kihamba cha katikati, penye nyumba ya baba, alichukua nani?"

Cheko likakatika. Akaangalia saa yake. "Twende tukaone kanisa kabla halijafungwa."

Kanisa lile lina ua wa ndani wenye nguzo zilizochongwa watakatifu, kimya kabisa. Tulikaa kwenye ukuta mfupi, wawili tu. Nafasi ndiyo hiyo. Nilifungua mikono yangu mapajani, nikaiangalia. Mitupu. Nilijiona kama mtu aliyekuja kulipa mahari akiwa ameshika kamba bila ng'ombe. Nikaifunga tena.

Jioni ile baba alipiga mwenyewe. Baba hapigi simu; yeye hupigiwa.

"Mmefika wapi?"

"Tumefika Arles, Baba. Mji mzuri sana, una—"

"Sikuulizi mji."

Nikamsikia akipumua, pumzi fupi mbili kisha moja ndefu, kama mtu anayepanda mlima akiwa amekaa kitini. "Daktari amesema nisivuke wiki ijayo," akasema. "Lakini usikimbize mambo. Likimbizwalo hujikwaa." Akakata. Nilibaki nimeshika simu.

Claire alikuwa jikoni akimenya viazi. Kiswahili chake alijifunza kwa wapagazi, kwa hiyo kina adabu kidogo na matusi mawili matatu asiyojua ni matusi.

"Wifi," aliniambia bila kuinua kichwa, "umekuja kwa sababu ya mbuzi?"

"Nimekuja kwa sababu ya baba."

"Kila Desemba Amani anaumwa tumbo. Tunakwenda kwa daktari, daktari haoni kitu. Mimi naona. Ni mbuzi." Akanipa kisu cha pili, tukamenya wote. Nilitaka sana kumwambia habari za moyo wa baba. Nilimenya viazi vingi kuliko vilivyohitajika.

Siku ya tatu ya mizunguko, Amani alikuwa na wageni sita na mimi wa saba, tukaenda Aigues-Mortes. Ni mji wa zama za kati ambao ukuta wake haujabomoka hata upande mmoja. Unauona kwa mbali umesimama kwenye tambarare ya mabwawa ya chumvi, na maji yake yana rangi ya waridi. Pembeni kuna mnara mmoja mnene kuliko yote. Ndani yake, Amani alinieleza, karne nyingi baada ya kujengwa walifungwa wanawake wa Kiprotestanti waliokataa kuiacha imani yao. Wengine walikaa humo miaka mingi hata wakazeeka. Kuna jiwe sakafuni lenye neno lililochongwa na mmoja wao, linalosema wasikubali.

Mimi ni Mlutheri, nililisimamia lile jiwe muda mrefu. "Walikuwa wanatakiwa wafanye nini ili watoke?"

"Waseme neno moja tu. Kwamba wameacha."

"Neno moja."

"Neno moja, dada."

"Na hawakulisema."

"Hawakulisema."

Tukaangaliana. Yeye ndiye aliyekwepa kwanza. Wageni walitaka kuzunguka juu ya ukuta, nikasema miguu imechoka, nitawasubiri kwenye mgahawa ulio mkabala na lango. Nilihitaji kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza kitu.

Mgahawa ulikuwa mdogo, mwenyewe bibi mwenye aproni ya bluu. Nilivuta kiti, nikaegemea, jani likanigusa shingoni. Nikalisukuma. Likarudi. Nikageuka nilisukume vizuri.

Lilikuwa isale. Si jani linalofanana na isale. Isale, limepandwa kwenye chungu cha udongo, limefika hadi dari, limefutwa vumbi, na mtu amelifunga utepe mwekundu. Kitu ambacho kwetu kinasimamisha mapanga, hapa kilikuwa kinasubiri wateja kama kalenda ya ukutani.

Sikumbuki nilivyosimama. Nilijikuta mbele ya bibi yule, naonyesha jani kwa kidole, nikatoa simu, nikafungua kikokotoo kama ninavyofanya kwa wateja Wazungu sokoni. Nikaandika mbili. Akanipa kahawa mbili. Nikakataa, nikaonyesha jani. Nikaandika tano. Akaangalia tano, akaangalia mmea, akaniangalia mimi, akasema maneno mengi ya Kifaransa yenye sauti ya mtu anayeulizwa bei ya mkono wake.

Nikaacha kikokotoo. Nikamwonyesha picha ya baba kwenye simu, amekaa nje ya nyumba na kofia yake. Nikamwonyesha dirishani Amani, aliyekuwa anaonekana juu ya ukuta na wageni wake. Kisha nikachukua kitambaa cha karatasi mezani, nikakikunja kiwe kirefu, nikakifunga fundo, nikamnyooshea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa.

Bibi alikitazama kile kikaratasi, kisha picha, kisha ukuta. Akaingia jikoni, nikadhani amekwenda kumwita polisi. Akarudi na mkasi. Hakukata jani. Alikata chipukizi zima lililokuwa limeota ubavuni, na kijiti chake, akakifunga kwa kitambaa chenye maji, kama vile alilelewa Machame.

Nikatoa euro kumi. Akazirudisha. Nikatoa ishirini, nikijishangaa mwenyewe. Akazirudisha kwa ukali. Miaka yote sokoni sijawahi kushindwa namna ile, kumpandishia mtu bei naye anakataa. Lakini isale la bure kwa mtu asiye ndugu nalo halikunikaa vizuri. Nikafungua mkoba, nikatoa pakiti ya kahawa ya baba niliyokuwa nimeibeba kwa ajili ya kuonjesha wageni wa Amani, nikaiweka mezani. Akaifungua, akainusa, akaiweka kifuani. Biashara ikaisha hapo, na kila mmoja alidhani amemzidi mwenzake.

Siku moja kabla ya kurudi ndiyo tulifika Pont du Gard. Niliamka mapema, nikafunga jani moja la lile chipukizi fundo kama nilivyomwona baba akifunga. Nilifungua mara mbili nikafunga upya. Mikono yangu haikuwa mikono ya baba.

Pont du Gard ni daraja, lakini si la watu. Ni daraja la maji. Ghorofa tatu za matao zimevuka bonde la mto, na huko juu kabisa kuna mfereji wa mawe ambao Warumi waliutumia kupitisha maji kutoka chemchemi ya milimani hadi Nîmes. Amani alisimama mbele ya wageni wake akaanza kueleza kwa Kifaransa, akipeleka mkono taratibu kama kitu kinachoteremka. Mimi nilikaa kwenye jiwe nyuma yao, nimeshika mkoba. Katikati ya Kifaransa chote kile nikasikia neno mfongo. Nikadhani nimechoka. Akalisema tena, mfongo, na baada yake, baba.

Sisi tuliozaliwa mlimani tunaujua mfongo. Ndio mfereji unaoshusha maji ya mto hadi kwenye vihamba, na tukiwa watoto kila mwaka tulitoka na baba, na majembe, kuuzibua. Baba alikuwa akilala kifudifudi kutazama mteremko, na alikuwa na msemo wake: maji hayalazimishwi, yanaonyeshwa njia.

Wageni walipotawanyika kupiga picha, nilimwendea. "Ulikuwa unawaambia nini?"

Aliona aibu. "Huwa nawaambia hivyo kila mara. Kwamba nimekulia kwenye kazi hii. Kwamba baba yangu angeangalia hili bonde kwa jicho moja akawaonyesha pa kupitisha maji." Akapiga jiwe kwa kiganja. "Unajua daraja hili halikuvunjika? Maji yaliacha kuja kwa sababu watu waliacha kusafisha mfereji. Uchafu ukajaa kidogo kidogo."

Nikafungua mkoba.

Alirudi nyuma hatua. "Dada, hapana. Ulisema umekuja na kahawa."

"Nilikuja na kahawa. Hili limetokana na kahawa." Nikamweleza yote: masale mawili, mama wa forodha, pipa la Paris, bibi wa aproni ya bluu. Sikupunguza kitu. Alisikiliza macho yake yakiwa kwenye fundo.

"Ni la pale mgahawani," akasema. "Nakunywa kahawa pale kila wiki. Huwa nakaa nimeligeuzia mgongo."

"Najua hili si la mpakani kwetu. Unaweza kulikataa kwa haki kabisa."

"Hayo ya Paris, nani alifunga fundo?"

"Baba. Kwa mkono wake."

"Baba alifunga fundo?"

"Alifunga mawili."

Akakaa chini, palepale penye njia ya watalii. Mzungu mmoja akamzunguka. Alikaa muda mrefu, nami nikasimama nimenyoosha mikono, na mikono ikaanza kuuma, na sikuishusha.

"Baba hawezi kufunga isale bila sababu," akasema mwishowe. "Anaumwa?"

"Niliambiwa nisiseme."

"Basi umeshasema."

Akapokea kwa mikono miwili.

Jioni hiyo tukiwa mezani alipiga simu mwenyewe, akaiweka sauti kubwa. Claire alikuwa amemshika bega.

"Baba, shikamoo."

Kiti cha baba kikasikika kikisogezwa.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, Baba."

"Nyama?"

"Samaki."

"Basi fungu lako liko huku," alisema baba, na sauti yake ikafanya kitu ambacho sijawahi kuisikia ikifanya. Amani akasema, "Tumeyamaliza, Baba," akaondoka mezani.

Baba akaomba aongee na mimi. "Jani lilikuwa bichi?"

"Bichi kabisa, Baba," nikasema, na kila neno lilikuwa kweli, na bado nililala nalo kama mtu aliyelalia jiwe.

Kurudi hakukuwa na mengi. Paris nilipita karibu na ile meza ya forodha, nikaangalia pipa. Lilikuwa limebadilishwa mfuko.

Baba alipasuliwa na akaamka. Sasa anatembea kwa fimbo hadi mpakani kila asubuhi kuangalia vile vikonyo viwili alivyokata. Vimeanza kuchipua. Kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa jinsi isale la kihamba chake lilivyovuka bahari bila kunyauka, na mchungaji naye ameshaligusia kanisani. Huko Nîmes, Claire aliliweka lile chipukizi kwenye glasi ya maji dirishani, na limetoa mizizi. Amani anakuja Krismasi. Baba amemwagiza aje nalo walipande pale pale lilipokatwa, na Amani anashughulikia kibali cha kusafirisha mmea, kwa sababu habari ya lile pipa nilimhadithia vizuri.

Nilichojifunza ni kwamba Warumi walijenga sana, na kwamba anayebeba vitu viwili aviweke kwenye mabegi mawili. Lingine sijalijua, ndilo ninaloomba kwenu mnaozijua mila kuliko mimi. Isale lililoota kwenye chungu cha mgahawa, likapatikana kwa kahawa ya shamba la baba, likafungwa na mkono usio wake, lina nguvu ile ile? Mdogo wangu anasema linayo, lakini yeye ndiye aliyelipokea, si shahidi huru. Na baba je, nimwambie kabla halijapandwa, moyo wake ukiwa ndio kwanza unapona, au niache mizizi ishike kwanza? Nishaurini mapema. Mbuzi ameshanunuliwa, na safari hii mafungu nimeambiwa nigawe mimi.